Kusoma Uchafu Kabla ya Kuuosha: Chumba cha Injini cha Pikapu ya Peugeot 504

Chumba cha injini, yaani nafasi yote iliyo chini ya boneti, kuanzia rejeta mbele hadi kwenye bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva, ndipo mahali ambapo pikapu kuukuu huhifadhi habari za maisha yake. Kila safari ya vumbi jekundu, kila mvua ya masika, kila tone la oili lililopenya kwenye gasketi iliyochakaa na kila ukarabati uliofanywa kwa haraka kando ya barabara huacha alama humo, na alama hizo hurundikana tabaka juu ya tabaka hadi chuma chenyewe kisionekane. Mwenye gari anayeamua kukirudishia chumba hicho hali yake njema kwa kawaida hukimbilia maji na sabuni, ilhali hatua ya kwanza inayofaa ni kuutazama uchafu huo kwa makini kabla ya kuuondoa, kwa sababu ukishaoshwa hauwezi tena kuulizwa chochote.

Peugeot 504 ni mfano mzuri wa kueleza jambo hili, kwa kuwa ni miongoni mwa magari yaliyojulikana sana Afrika Mashariki. Gari hilo lilitolewa Ufaransa mwaka 1968, likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya mwaka 1969, na pikapu yake ikafuata mwaka 1979. Utengenezaji wa pikapu hiyo nchini Ufaransa ulikoma mwaka 1993, lakini nchini Kenya 504 ziliendelea kuunganishwa hadi mwaka 2004. Jina la Peugeot lilikuwa limekwisha kujengeka katika mashindano ya Safari Rally, ambayo Bert Shankland wa Tanzania alishinda mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404, kabla ya Ove Andersson kushinda kwa 504 mwaka 1975. Pikapu zenyewe zilibeba mboga, maziwa na saruji, na nyingine zikajengewa mabanda yenye mabenchi mawili yanayotazamana zikawa matatu. Magari yaliyobaki yamefanya kazi nzito kwa miaka mingi, na mengi yamepita mikononi mwa mafundi wengi, kila mmoja akiwa na njia yake.

Injini ya petroli ya 504 ina tabia tatu ambazo anayetaka kuisafisha hana budi kuzifahamu. Kwanza, haikusimama wima bali imeinamishwa kwa nyuzi 45, kwa hiyo upande mmoja huonekana waziwazi na upande wa pili hubaki kivulini, na huko kivulini ndiko oili na vumbi hukutana na kuganda kama lami. Pili, plagi zake, yaani vifaa vinavyotoa cheche ya kuwashia petroli, hazichomozi ubavuni kama zilivyo katika injini nyingi, bali zimezama ndani ya visima virefu vinavyopita katikati ya kifuniko cha juu cha injini, na visima hivyo hupokea kila kinachomwagika. Tatu, kichwa cha silinda ni cha aluminiamu ilhali bloku, yaani mwili mkuu wa injini, ni ya chuma cha kusubu, na ndani yake mna silivu, mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazozungukwa na maji ya kupozea moja kwa moja. Mchanganyiko huu wa metali mbili ndani ya maji hudai uangalifu ambao magari haya hayakuupata mara nyingi.

Kusoma uchafu si jambo gumu mtu akishajua rangi zake. Oili ya injini huacha utando mweusi unaonata na kushika vumbi, na mahali ulipo mnene zaidi kwa kawaida ni chini ya chanzo chake, kwa kuwa oili hushuka na pia husukumwa nyuma na upepo wa feni. Kwa hiyo anayetafuta chanzo huanza juu na mbele, hata kama tone linadondokea nyuma. Maji ya rejeta yakivuja hukauka kwa joto na kuacha ukoko mweupe au wa kijani wa chumvi, au michirizi ya kutu ikiwa mfumo uliendeshwa kwa maji matupu. Gesi za moshi zinazopenya kwenye maungio ya ekzosi huacha masizi makavu. Mafuta ya breki, ambayo ni adui mkubwa wa rangi, hubabua bati chini ya silinda kuu ya breki hadi chuma kibaki wazi. Ishara ya hatari kuliko zote ndiyo huwadanganya wengi: sehemu iliyo safi kupita kiasi katikati ya injini chafu. Petroli huyeyusha grisi kisha ikapotea hewani, kwa hiyo mahali inapovuja panang'aa, na mmiliki asiyejua anaweza kupafurahia mahali ambapo moto unaweza kuanzia siku yoyote.

Kwa sababu hiyo, kabla ya tone la maji kuanguka, picha kadhaa hupigwa kwa simu kutoka kila upande, na dalili zote huandikwa. Picha hizo zitafaa pia baadaye, wakati wa kurudisha nyaya na mipira ambayo nafasi zake hakuna atakayezikumbuka.

Desturi ya kuosha injini katika gereji nyingi za wazi ni kuinyunyizia mafuta ya taa au hata petroli kisha kuipiga kwa maji yenye kasi, mara nyingi gari likiwa limefika sasa hivi na injini bado ni ya moto. Desturi hii inapaswa kuachwa kabisa. Mvuke wa mafuta ya taa unaweza kuanza kushika moto yakifikia joto la nyuzi 38 hivi za Selsiasi, ilhali injini iliyozimwa punde huwa na nyuzi 80 au zaidi, na ekzosi yake huwa ya moto kuliko hapo mara kadhaa. Petroli, kwa upande wake, haihitaji kupashwa joto ili iwe hatari. Mafuta hayo pia huvimbisha mipira ya maji na mikanda, na huidhoofisha mipira mizito inayoishikilia injini kwenye fremu, hivyo gari linalotoka likimeremeta huanza kutikisika miezi michache baadaye. Kuna pia wanaotumia kostiki soda, inayojulikana na watengenezaji wa sabuni, kwa kuwa hula grisi haraka. Lakini hula aluminiamu pia, na kichwa cha silinda cha 504 ni aluminiamu tupu.

Njia iliyo salama ni ya polepole na haina siri. Injini huachwa ipoe hadi kiganja kiweze kutulia juu yake. Betri hutolewa, waya wa hasi ukifunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya isisababishe cheche. Mdomo wa kabureta, distributa, koili na altaneta hufunikwa kwa mifuko ya plastiki iliyofungwa barabara. Visima vya plagi hupulizwa kwa upepo wa kompresa na kuzibwa, na plagi zenyewe hazifunguliwi kabla ya kupuliza, kwa kuwa mchanga uliokaa kisimani huanguka moja kwa moja ndani ya silinda na kukwaruza kuta zake. Baada ya hapo tabaka nene hukwanguliwa likiwa kavu kwa kijiti cha mwanzi au kipande cha plastiki ngumu, kazi inayochosha lakini inayopunguza sana sabuni na maji yatakayohitajika. Kilichobaki hupakwa sabuni ya kuondolea grisi, kikaachwa dakika kumi hivi, kikasuguliwa kwa brashi na mswaki mkuukuu, kisha kikasuuzwa kwa maji ya mpira wa kawaida yasiyo na kasi kubwa.

Uchafu unaotoka hauna budi kuwa na mahali pa kwenda. Ardhi ya gereji nyingi imekuwa nyeusi na ngumu kwa oili ya miaka mingi, na mjini Kisumu uoshaji wa magari kandokando ya Ziwa Victoria umelalamikiwa kwa muda mrefu, kwa kuwa oili hiyo huingia katika maji ambamo watu huvua samaki. Sinia pana chini ya gari na vumbi la mbao la kunyonyea oili hugharimu karibu bure, na fundi anayevitumia anastahili kupewa kazi kuliko asiyevitumia.

Chumba kikishakauka, mfumo wa kupoza ndio unaodai muda mwingi zaidi, na hapa mazingira ya nyanda za juu yana la kusema. Jijini Nairobi, palipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta, ambacho kazi yake ni kudumisha shinikizo ndani ya mfumo na kupandisha kiwango hicho cha kuchemka, kikiwa na mpira uliokufa hugeuza kila mlima kuwa mtihani. Matundu ya rejeta yaliyozibwa na wadudu, mbegu za nyasi na matope huoshwa kutoka upande wa injini kwenda nje, kinyume cha njia ya upepo, ili uchafu urudi ulikotoka badala ya kusukumwa ndani zaidi. Maji ya kutu humwagwa, mfumo ukasafishwa, kisha ukajazwa kipozi, yaani kiowevu chenye dawa ya kuzuia kutu, kwa kuwa maji ya bomba yanayopita kati ya chuma na aluminiamu huifanya injini iwe kama betri dhaifu ambayo aluminiamu ndiyo inayoliwa. Wengi huamini kwamba kipozi ni cha nchi za baridi tu kwa sababu huzuia maji yasigande. Imani hiyo imeharibu vichwa vingi vya silinda ambavyo havikuwahi kuona barafu.

Feni ya 504 nyingi ni jambo la kustaajabisha kwa gari la enzi yake. Haizunguki wakati wote bali hushikwa na sumaku ya umeme pale tu maji yanapopata joto, ikiamriwa na swichi iliyofungwa kwenye mfumo wa kupoza, na umeme huifikia sumaku hiyo kupitia kipande kidogo cha kaboni. Kaboni ikiisha au waya wake ukikatika, feni hukaa kimya na injini huchemka. Badala ya kutafuta kipande hicho kidogo, mafundi wengi waliifunga feni izunguke daima. Anayekarabati chumba kizima ana nafasi ya kurudisha mpango wa awali, na inafaa aitumie, kwa kuwa uamuzi wa wahandisi wale ulipunguza kelele na mafuta yaliyopotea bure.

Bati lenye kutu hushughulikiwa kwa uvumilivu uleule. Trei ya betri ndiyo huoza kwanza, kwa kuwa tindikali na mvuke wake hula rangi na chuma pamoja. Hapo bakingi soda iliyoyeyushwa katika maji humwagwa hadi povu likome, dalili kwamba tindikali imekwisha nguvu. Kutu husuguliwa kwa brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae, na mashimo yasiyofikiwa hupakwa dawa yenye asidi ya fosforasi, ambayo hugeuza kutu iliyobaki kuwa utando mweusi usioendelea kuenea. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuificha tu, kwa maana huendelea kula na kuvimba chini ya rangi, hasa Mombasa na miji mingine ya pwani ambako hewa yenyewe ina chumvi. Rangi ya msingi hutangulia, kisha rangi ya bodi. Ekzosi huhitaji rangi maalumu ya kustahimili joto kali. Rangi ya kawaida huungua humo siku ya kwanza.

Nyaya na mipira havina mengi ya kueleza, ingawa ndiyo sehemu ambayo kubana matumizi ni kosa. Mpira wa petroli ulio na nyufa hubadilishwa pasipo mjadala. Maungio yaliyofungwa kwa utepe juu ya utepe hukatwa na kuunganishwa upya kwa risasi ya kuchomelea, na waya wowote uliopitishwa kando ya fyuzi hurudishwa kwenye fyuzi.

Kuna watu ambao huosha injini kwa nia nyingine. Gari linalopelekwa sokoni huoshwa asubuhi, likapakwa oili nyepesi ili mipira na plastiki zing'ae, na mnunuzi akaonyeshwa chumba kisicho na doa ambacho juma moja baadaye kitaonyesha mivujo yote ya zamani. Huo ni udanganyifu, hata pale ambapo hakuna uongo uliotamkwa, na mnunuzi mwenye busara huomba kuliona gari kabla halijaoshwa, au hulirudia baada ya siku chache za kazi. Ukarabati wa kweli hutofautiana na huo kwa kuwa gasketi na sili zilizotajwa na uchafu hubadilishwa kabla ya rangi kuguswa.

Injini inapowashwa kwa mara ya kwanza baada ya kazi hiyo, huachwa ingurume hadi ipate joto, boneti ikiwa wazi, huku kila ungio likimulikwa kwa tochi. Kisha gari huegeshwa mahali tambarare na boksi la karatasi lililokunjuliwa hutandazwa chini yake usiku kucha. Kukipambazuka, tone moja tu la kahawia juu ya boksi hilo, lenye mstari mwembamba unaoweza kufuatwa kwa kidole juu ya bloku safi hadi kwenye bolti iliyolegea, litamwonyesha mmiliki mahali pa kupeleka spana.