Land Rover za Mang'ola: Puti haikabi, beki ni chesisi

MTAJIE shabiki wa Simba au Yanga neno 'difenda', kichwani kwake vitakuja vitu viwili. Cha kwanza ni beki wa kati anayeokoa mpira kwenye mstari dakika ya 90. Cha pili ni gari la polisi lililopaki nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya dabi.

Ukishuka kutoka Karatu mjini kwenda Mang'ola, kwenye joto la Bonde la Ufa na mashamba ya vitunguu yanayonyweshwa kwa maji ya chemchemi, difenda ina maana nyingine kabisa. Huko Land Rover ni gari la kazi. Inabeba magunia, mgonjwa, msiba, na siku ya mechi ya ndondo inabeba kikosi kizima na mashabiki wake juu ya keria.

Tatizo ni kwamba beki huyu amezeeka. Nyingi ya gari hizi ni 109 na 110, na umri wa baadhi yake unawazidi wachezaji wengi wa Ligi Kuu ya leo. Injini zinabadilishwa, gia boksi zinabadilishwa, lakini bodi ni ileile. Na gereji kubwa zenye mafundi bodi wa uhakika ziko Arusha mjini, siyo Ghorofani wala Barazani. Hapo ndipo mwenye gari anapolazimika kuvua shati na kunyoosha bodi mwenyewe.

Siyo mchezo mgeni

Kwa wanaodhani gari kuukuu halina nafasi kwenye kurasa za michezo, historia ya Afrika Mashariki inasema vingine. Mwaka 1965, Joginder Singh wa Kenya, aliyekulia kwenye kazi ya gereji, alishinda Safari Rally na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Wenye magari mapya ya kiwandani waliishia kumwangalia mgongoni. Baadaye Joginder alichukua tena taji hilo mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer.

Tanzania nayo ina lake la kujivunia. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alibeba Safari Rally mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Enzi hizo mkutano huo ulipita Kenya, Uganda na Tanzania, kwenye tope na mawe. Bodi isiyofungwa vizuri iliachwa njiani kipande kwa kipande.

Na Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kutoka kila kona ya nchi kwenye tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya msafara mrefu, ile iliyokuwa ikishikiliwa na Ujerumani kwa magari 632. Waliokuwa kando ya barabara waliona gari za kila aina: zilizong'arishwa kwa ajili ya watalii, na zile za vijijini zilizokuja na makovu yake. Za vijijini ndizo zenye stori.

Bati halishiki kutu, lakini...

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam, Aprili 1948. Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa imeisha muda si mrefu, chuma cha kutengenezea magari kilikuwa cha mgawo Uingereza, ila aluminiamu ilikuwepo. Kiwanda kikaamua bodi iwe ya aluminiamu, chini kukae chesisi ya chuma. Mpango huo ukadumu mpaka Januari 2016, difenda ya mwisho ya aina hiyo ilipotoka kiwandani Solihull.

Ndiyo maana mtaani watu husema "Land Rover haiozi". Nusu ya maneno hayo ni kweli. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Lakini chesisi ni chuma, ukuta unaotenganisha injini na dereva ni chuma, na fremu za milango ni chuma. Mahali chuma kinapogusana na aluminiamu, pakiingia maji yenye chumvi, aluminiamu inaliwa. Utaona unga mweupe na rangi imevimba kama malengelenge. Huo ni ugonjwa, na hautibiwi kwa kupaka rangi juu yake.

Mang'ola ina balaa la ziada. Iko jirani na Ziwa Eyasi, na vumbi la kule lina magadi. Magadi yakilowa yanaila aluminiamu, na chumvichumvi yake inaharakisha kutu kwenye chuma. Gari linaloshinda kandokando ya ziwa bila kuoshwa kwa maji baridi linachakaa pande zote mbili.

Anza na nyundo, siyo brashi

Kosa la wengi ni kuanzia mwisho. Mtu anauza vitunguu, anapata fedha, ananunua rangi. Ni sawa na timu inayosajili straika wa bei mbaya wakati golini hakuna mtu.

Kazi inaanzia chini. Gari linaoshwa tope lote, linanyanyuliwa na kukalishwa kwenye stendi imara au magogo, siyo kwenye jeki peke yake. Kisha unapita na nyundo ndogo kwenye chesisi yote, ukigonga na kusikiliza. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, kama debe lililojaa mchanga. Palipo na mashaka, sukuma kwa bisibisi. Ikizama, umeshapata jibu. Angalia zaidi boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, na sakafu ya miguu ya dereva na abiria.

Kabla ya kuchomelea, mambo mawili hayana mjadala. Betri inatolewa waya, na tanki la mafuta linatolewa nje na kupelekwa mbali. Kwenye baadhi ya 109 tanki liko chini ya siti ya mbele. Tanki la petroli lililomwagwa likabaki tupu ni hatari vilevile, kwa sababu mvuke uliobaki ndani ndio unaolipuka. Ndoo ya mchanga na maji viwe jirani.

Kutu inakatwa mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa. Kiraka kichongwe kwa bati lenye unene sawa na la chesisi yenyewe, takriban milimita 2, siyo bati la paa. Usikate kulia na kushoto kwa wakati mmoja, maana gari litakaa upande na halitarudi. Chomelea kwa vidoti, kimoja huku, kingine kule, upoe, urudi. Ukivuta mstari mmoja mrefu kwa haraka, joto linapinda bati lote. Milango ifungwe wakati wote wa kazi. Mlango uliokuwa unajifunga asubuhi ukigoma jioni, ujue fremu imehama. Simama, pima upya.

Sabuni ya mche kama refa

Kwenye aluminiamu mchezo unabadilika. Mashine ya kawaida ya kuchomelea ya mtaani haifai; itatoboa tu. Pia aluminiamu haitoi ishara: chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, yenyewe inabaki vilevile mpaka ifike kama nyuzijoto 660 na kumwagika chini. Na ukiigonga sana ikiwa baridi inakuwa ngumu, halafu inapasuka.

Mafundi wa zamani wana mbinu ya bei rahisi. Chukua kipande cha sabuni ya mche, sugua sehemu iliyobonyea. Pitisha moto wa gesi taratibu kwa upande wa nyuma. Sabuni inapogeuka kahawia iliyokolea kuelekea nyeusi, ondoa moto. Huyo ndiye refa wako, amepuliza filimbi. Bati likipoa linakuwa laini, unaweza kulirudisha kwa nyundo ya mpira huku nyuma umeshikilia chuma laini au mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga. Anza pembeni ya bonde ukielekea katikati, gonga nyingi ndogo kuliko chache kubwa.

Palipopasuka, weka kiraka cha aluminiamu kwa ribiti. Kiwanda chenyewe kilitumia ribiti, kwa hiyo si aibu. Katikati ya chuma na aluminiamu weka praima na kipande cha mpira, visigusane tena. Na brashi ya waya wa chuma isitumike kwenye aluminiamu, kwa sababu inaacha punje za chuma zitakazoanzisha ugonjwa uleule.

Wakazi wa Mang'ola hawashangai mambo ya moto na nyundo. Wahunzi wa Kidatoga wa huko wanajulikana kwa kuyeyusha vyuma chakavu kwa mivukuto ya ngozi, wakatoa bangili na vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe huvichukua kwa kubadilishana na vitu kama asali. Msumari wa nyumba unakuwa mshale. Kwa watu walioishi jirani na ujuzi huo, mlango wa 109 uliobonyea siyo kitu cha kutupa.

Puti siyo chuma

Hapa ndipo pana ishu yenyewe. Puti ina kazi moja: kusawazisha mikunjo midogo iliyobaki baada ya nyundo. Isizidi milimita 3. Ikizidi, barabara ya mawe itaipasua ndani ya miezi, na maji yatajificha nyuma yake.

Lakini kuna wanaojaza puti kwenye shimo la kutu, wanapiga msasa, wanapaka rangi, wanauza. Kwenye mlango, hiyo ni hasara ya mnunuzi tu. Kwenye chesisi au kwenye sehemu za kufungia springi, ni maisha ya watu. Gari hilohilo kesho litapakia magunia, na Jumapili litapakia vijana kumi na zaidi wanaokwenda kucheza kijiji cha pili. Likikatika kwenye mteremko, hakuna var ya kurudia tukio.

Mnunuzi aende na sumaku ndogo mfukoni. Kwenye mabawa na bodi ya juu haitanasa, hiyo ni aluminiamu, usiogope. Lakini ikigoma kunasa kwenye ukuta wa mbele, kwenye nguzo za milango au kwenye chesisi, hapo umeuziwa puti.

Rangi alfajiri

Mwisho kabisa ndiyo rangi. Msasa unaanza namba 80 kwenye puti, unakwenda 180, halafu 320, na 600 kabla ya rangi ya mwisho. Aluminiamu inahitaji praima yake ya asidi ili rangi ishike. Ukiipaka ya kawaida, itabanduka kama ganda la kitunguu. Mchana Mang'ola ni upepo na vumbi, kwa hiyo wajanja hupiga rangi alfajiri, ardhi ikiwa imemwagiwa maji. Rangi zinazochanganywa na kikaushio zina sumu ya mapafu, na kitambaa puani hakizuii kitu. Kama huna barakoa ya kweli inayoletewa hewa safi kwa mpira, tumia rangi ya kawaida ya kupaka kwa brashi. Difenda haikuzaliwa kwa ajili ya kung'aa.

Kazi yote hiyo siyo ya wikendi moja. Kwa mtu mwenye shamba ni ya msimu mzima, kidogokidogo, baada ya mavuno. Ukishindwa kumaliza yote, maliza ya chini. Gari lenye chesisi nzima na rangi tatu tofauti litafika Karatu na kurudi. Lenye rangi moja nzuri na chesisi iliyooza, wanaopanda hawajui watafika wapi. Na kila likitoka ziwani, lioshwe chini kwa maji baridi kabla jua halijakausha magadi. Ndoo nne zinatosha.