Pikipiki Kuukuu Inayokula Oili

Ikiwa unayo pikipiki, bila shaka umewahi kuambiwa maneno haya: "Hii imezeeka, iongeze oili tu, itakwenda." Maneno hayo yamewatia hasara watu wengi. Injini inayokula oili ni mgonjwa, na mgonjwa hapewi uji tu bila kujua ugonjwa wake.

Katika sehemu zetu za Garissa, Wajir na Mandera, pikipiki imekuwa mfanyakazi mkubwa, hasa tangu mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo. Ndiyo ichukuayo maziwa ya ngamia kutoka malishoni mpaka sokoni kabla jua halijawa kali. Ndiyo iletayo ndizi, mapapai na nyanya kutoka mashamba ya kando ya Mto Tana. Tena ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali usiku. Yafaa basi tuitunze.

Hatari yake

Pikipiki nyingi za sisi 100 mpaka 150 hubeba oili ya lita moja tu hivi. Oili hiyo hiyo hulainisha injini, gia na klachi, na kadhalika husaidia kupoza injini. Hesabu mwenyewe: injini ikila robo lita kila kilomita 500, nawe waendesha kilomita 150 kwa siku, basi kwa siku saba umepoteza zaidi ya nusu lita, yaani nusu ya oili yote. Pikipiki nyingi za namna hii hazina taa ya kuonya. Onyo utakalopata ni injini kukwama. Fikiri jambo hilo likitokea katikati ya njia ya Dadaab saa saba mchana, na nyuma yako una madumu ya maziwa au mama mja mzito.

Kwanza, pima

Usikisie. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare. Injini ikiwa na moto kidogo, izime, ungoje dakika chache oili ishuke, kisha tazama kijiti cha kupimia au kioo kidogo kilicho ubavuni. Jaza mpaka alama ya juu, lakini usiipite, maana oili ikizidi nayo husukumwa nje na kuungua. Andika katika daftari kilomita zilizoonyeshwa na saa ya pikipiki. Baada ya kilomita 500 pima tena, uandike kiasi ulichoongeza. Injini nzima huomba kidogo sana, au haiombi kabisa, kati ya badiliko moja la oili na jingine. Ikiwa yataka robo lita kwa kilomita 500, lazima itengenezwe.

Oili yatokea wapi?

Oili ina njia mbili tu: ama yavuja nje, ama yaungua ndani.

Ili kujua kama yavuja, osha injini, ikaushe, uiendeshe siku moja, kisha itazame. Angalia chini ya silinda, kwenye kifuniko cha vali, kwenye bolti ya kumwagia oili, na nyuma ya gia ndogo ya mnyororo. Ukiona vumbi limeshikamana na oili mahali pamoja, hapo ndipo pavujapo. Angalia pia mpira mdogo wa kupumulia injini. Ukizibwa na matope au ukijikunja, hewa hukosa njia, ikaisukuma oili nje kupitia kwenye sili.

Kama haivuji, tazama moshi. Moshi mweusi si wa oili, ni wa petroli kuzidi au chujio la hewa kuziba. Moshi wa buluu wenye harufu kali ndio wa oili. Ukitoka wakati wa kuwasha tu, baada ya pikipiki kulala, kisha ukakoma, mara nyingi ni sili za vali. Ukitoka kila unapovuta moto, hasa ukiwa na mzigo, mara nyingi ni ringi za pistoni au silinda.

Liko jaribio moja jepesi la kuhakikisha. Zima swichi, fungua plagi, uiweke mbali na tundu lake. Mimina ndani ya silinda kijiko kimoja cha chai cha oili safi. Rudisha plagi, kisha piga kiki kwa mguu bila kuwasha. Kiki ikiwa nzito kuliko kwanza, ringi au silinda zimelika, maana oili imeziba nafasi kwa muda. Isipobadilika, mpelekee fundi akague vali.

Mwizi mkubwa ni vumbi

Sasa sikiliza neno hili, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa. Katika nchi yetu ya mchanga, ringi nyingi hazifi kwa uzee, bali huuawa na vumbi. Mchanga ukipita katika chujio la hewa huingia ndani ya silinda, ukaisaga kama msasa. Ukiweka ringi mpya na kuacha chujio bovu, baada ya miezi michache utarudi kwa fundi yule yule.

Kwa hiyo chukua kitambaa cheupe, upanguse ndani ya mpira uunganishao chujio na kabureta. Kitambaa kikitoka na mchanga, mwizi amepatikana. Badilisha mpira uliopasuka, na kaza vibano vyake. Chujio la karatasi likichakaa linunuliwe jipya. Lile la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likaushwe, lipakwe oili kidogo na kukamuliwa. Wakati wa kiangazi likague kila juma. Na yule aendeshaye pikipiki bila chujio ili ipate nguvu, anauza injini yake kwa bei ya bure.

Kutengeneza

Kazi hii ni ya fundi, lakini wewe simama karibu ujue unalolipia.

Sili za vali ni vipira vidogo ambavyo hukauka kwa joto. Bei yake si kubwa. Fundi aangalie pia kama vali zinacheza katika njia zake. Zikicheza sana, sili mpya hazitadumu.

Kwa ringi, fundi aitie ringi ndani ya silinda, ikae sawasawa, kisha apime nafasi iliyo kati ya ncha zake mbili. Katika injini ndogo nafasi ya ringi mpya ni kama sehemu mbili au tatu za kumi za milimita. Ikipita nusu milimita, kwa kawaida imekwisha. Kitabu cha pikipiki yako ndicho kitoacho kipimo halisi. Kisha apitishe kidole ndani ya silinda. Akigusa mikwaruzo au ngazi karibu na juu, ringi peke yake hazitafaa kitu. Silinda ichongwe na kutiwa pistoni kubwa zaidi, ama inunuliwe silinda mpya pamoja na pistoni yake.

Wakati wa kurudisha, alama ya ringi itazame juu, na mianya ya ringi isifuatane katika mstari mmoja. Gasketi iwe mpya. Tundu la chini lizibwe kwa kitambaa safi wakati wote wa kazi, na kazi isifanywe penye upepo wa vumbi.

Baada ya hapo, kilomita 500 za kwanza usibebe mzigo mzito wala usivute moto mpaka mwisho. Kisha mwaga oili hiyo na kutia mpya. Usiimwage mtoni wala mahali wanyama wanywapo.

Mambo ya kuepuka

Usitie oili nzito ya gia ili kuficha moshi. Haifiki upesi sehemu za juu za injini. Usitie oili iliyokwisha tumika. Tena usitie oili yoyote ya motokaa, kwa sababu nyingine huifanya klachi iteleze. Tafuta chupa yenye alama JASO MA au MA2, na uzito ulioandikwa katika kitabu cha pikipiki yako.

Wenye mashine za petroli za kuvuta maji kando ya Tana, nanyi shikeni mafundisho haya ya kupima oili na kulinda chujio. Mashine ikikwama wakati wa kiangazi, nyanya hazingoji.

Basi leo jioni, kabla ya kulala, toka na tochi ukapime oili yako.