Programu ya telefone inaweza kuumiza mtu

Ndugu mfanyakazi, labda mwana wako amemaliza masomo ya sekondari na anakuambia kwamba anataka kujifunza kuandika programu za telefone. Wewe unasema moyoni: hiyo ni kazi ya kukaa kwenye kiti, haina vumbi, haina hatari. Soma kwanza. Kuna mafundi wa programu ambao kosa lao linaweza kumpeleka mtu hospitali, sawasawa na kosa la fundi wa umeme anayesahau kukata umeme kabla ya kugusa mashine. Ni wale wanaotengeneza programu za vyombo vya uganga vinavyosema na telefone bila waya.

Tuanze na hiyo njia isiyo na waya. Inaitwa Bluetooth, nayo ni redio ndogo. Kampuni ya Ericsson ilianza kuitengeneza mwaka 1994 katika mji wa Lund, nchi ya Uswidi. Inatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo vyombo vingine vingi pia vinatumia, kwa hiyo inarukaruka toka njia moja mpaka nyingine ili isigongane navyo. Mwaka 2010 ulitoka mtindo wa pili unaokula umeme kidogo sana. Tangu hapo betri ndogo kama kifungo cha koti inaweza kufanya kazi miezi mizima. Na betri ya telefone yenyewe, ujue, kwa kawaida ina kobalti ndani yake. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa hapa kwetu Kongo.

Sasa angalia chombo kimoja. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza, mwili wake hautengenezi tena insulini. Akiikosa, anakufa. Akipata nyingi mno, sukari inashuka, anatoka jasho, anatetemeka, mwishowe anazimia. Ndiyo sababu wengine wanavaa kipimo kidogo, chenye kisindano kama unywele, tumboni au mkononi. Kila dakika 5 kinapima sukari na kuipeleka kwa redio, ni kusema mara 288 kwa siku. Mwaka 2015 serikali ya Marekani iliruhusu kipimo cha Dexcom G5, kinachopeleka hesabu moja kwa moja kwenye telefone. Wengine wanavaa pia pompi ndogo inayowapa insulini, na programu inaamua kiasi.

Fundi anafikaje kwenye kazi hiyo? Mara nyingi haanzii hapo. Anaanza na programu za kawaida, za duka au za benki. Halafu anapewa saa ya mkononi au mkanda wa kifuani unaohesabu mapigo ya moyo, na hapo redio inamfundisha adabu. Mwili wa mtu umejaa maji, na maji yanameza mawimbi hayo. Mtu akilalia kipimo chake, habari zinakatika. Telefone nayo, ili kuchunga betri, inalaza programu ambayo mwenyewe haitazami, na kila mtengenezaji wa telefone ana namna yake ya kuilaza. Kwa hiyo meza ya fundi imejaa telefone za kila aina, mpya na nzee, naye anazijaribu moja moja. Kazi yake kubwa ni kujiuliza: uzi ukikatika, programu itafanya nini? Itamwambia mgonjwa, au itaendelea kumwonyesha hesabu ya zamani kana kwamba ni ya sasa? Kwangu hilo la pili ndilo baya kupita yote.

Programu ya kuhesabu hatua ikipoteza dakika kumi, hakuna anayelia. Kwenye chombo cha uganga mambo yanabadilika. Kuna sheria ya kazi ya mataifa, IEC 62304, iliyotoka mwaka 2006. Inagawa programu katika madaraja matatu. Daraja A ni programu isiyoweza kumdhuru mtu, B inaweza kumdhuru kidogo, C inaweza kumuua au kumjeruhi vibaya. Kadiri daraja linavyopanda, ndivyo maandishi na majaribio yanavyoongezeka. Fundi anaandika kwanza hatari zote anazoweza kuziwaza, mwingine anasoma kazi yake, na mabadiliko ya siku moja yanaweza kungoja majuma mengi. Vijana wengine wanachoka na kurudi kwenye programu za duka. Si vibaya, afadhali aondoke kuliko kuruka hatua.

Kwa nini ukali huo? Mwaka 2023 programu ya Android ya pompi ya Omnipod 5 ilikutwa na kosa. Mtu akianza kuandika kipimo kwa ile nukta ya desimali, ambayo shuleni kwetu tunaandika kwa mkato, programu haikuiona. Kipimo cha 0.15 kikawa 15, mara 100 zaidi. Asiyetazama vizuri kabla ya kukubali, hatari ilikuwa yake. Mwaka 2024 ikawa zamu ya programu ya iPhone ya pompi ya kampuni Tandem. Ilikuwa ikianguka na kuamka yenyewe tena na tena, na kila ikiamka ilitumia Bluetooth mno, mpaka betri ya pompi ikaisha kabla ya wakati. Mfanyakazi wa shimoni anajua taa ya kichwani ikizimika kabla ya mwisho wa zamu ni nini. Kufikia Aprili mwaka huo zilikuwa zimehesabiwa ripoti 224 za watu walioumia. Kwa bahati hakuna ripoti ya kifo.

Wengine waliingia kazi hiyo kwa mlango wa ugonjwa. Dana Lewis wa Marekani ana ugonjwa wa sukari, na kengele ya kipimo chake haikuwa na nguvu ya kumwamsha usiku. Mwaka 2013 yeye na mwenzake Scott Leibrand walianza kujitengenezea kengele kali zaidi, na kutoka hapo wakaendelea mpaka programu inayoongoza pompi.

Basi mzazi, kijana anayetaka kazi hiyo ashike hesabu na fizika, na asidharau Kiingereza, kwani sehemu kubwa ya vitabu vya kazi imeandikwa kwa lugha hiyo.

Na kama katika jamaa yako kuna mtu anayevaa kipimo cha namna hii, shika maneno haya, ambayo serikali ya Marekani pia ilionya mwezi wa Februari 2025. Telefone ikiwekwa kwenye kimya, kengele inaweza isisikike. Ukiiunganisha na spika au redio ya gari, sauti inaweza kwenda huko badala ya kukuamsha. Ukibadilisha programu kuu ya telefone, jaribu kengele siku hiyohiyo. Mama, hakikisha telefone ina umeme kabla mtoto hajalala. Na kile kipimo cha kuchoma kidole msikitupe. Kikae karibu na kitanda pamoja na sukari kidogo, kwa usiku ambao telefone imezimika.