Mwanga Unaofichua Lililojificha



Mama akandapo unga wa maandazi, kijiwe kilichozama ndani ya donge jicho lake halikioni, lakini kidole hukitambua kwa ugumu wake. Juu ya jambo hili dogo wataalamu wamejenga elimu kubwa.

Mwaka 1947 Dennis Gabor, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alibuni holografia, yaani picha ihifadhiyo umbo zima la kitu, si sura ya mbele peke yake. Mwaka 1960 Theodore Maiman wa Marekani aliwasha leza ya kwanza, nao ni mwanga ambao mawimbi yake huenda pamoja kama maamuma nyuma ya imamu. Kisha mwaka 1965 Powell na Stetson, wa Chuo Kikuu cha Michigan, walionyesha ya kuwa kitu kinachotetemeka kikipigwa picha hiyo hutokea mistari ya mwanga na giza. Kila mstari ni alama ya mwendo usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita.

Basi kitu laini kikitetemeshwa, na ndani yake mna donge gumu, mistari ile hupindika juu ya mahali donge lilipo. Nao uvimbe wa saratani ya matiti mara nyingi huwa mgumu kuliko nyama iliyouzunguka. Njia hii ya leza ingali mikononi mwa watafiti; lakini zipo mashine za altrasaundi zipimazo ugumu huo huo hospitalini.

Hapa kwetu Kintinku leza hatuna, ila vidole tunavyo. Jamaa yangu mmoja aligusa donge katika titi lake, akalificha mwaka mzima kwa haya. Tulipompeleka Dar es Salaam, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea. Hatunaye tena.

Haya ni pambo la Mwislamu, lakini kuficha maradhi si haya. Si kila donge ni saratani. Kipimo ndicho kisemacho kweli. Enyi akina mama na mabinti, mkihisi donge, semeni siku hiyo hiyo, mwende kituo cha afya. Nanyi akina baba, msiwe kizuizi; tafuteni nauli. Kujitibu tumeamrishwa, na ponyo latoka kwa Mwenyezi Mungu.