Dawa ya Kifafa Yataka Kueleweka

Mtu akianguka kwa kifafa katika soko la Darajani au kwenye gati ya Mkoani, watu hukusanyika mara moja. Mmoja hukimbia kwa kuyaogopa mate yake. Wa pili huleta kijiko cha kumtia mdomoni. Wa tatu hunong'ona kwamba huyo ana pepo wa kurithi. Ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza swali lenye manufaa: "Je, dawa yake amekunywa leo?" Swali hilo dogo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Kwanza hatuna budi kusema wazi kwamba kifafa ni maradhi ya ubongo. Chembe za ubongo hupelekeana habari kwa umeme mdogo mno. Zinapofyatuka kwa pamoja bila ya utaratibu, mwili hutukutika au fahamu hupotea kwa muda. Maradhi haya hayaambukizi kwa mate, kwa mkojo wala kwa pumzi. Shirika la Afya Duniani linakisia kuwa watu kiasi cha milioni 50 wanaishi nayo, na kwamba hadi watu 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila ya kuanguka lau wangepata dawa inayofaa na kuitumia ipasavyo. Msomaji ayatie maanani maneno hayo ya mwisho, kwani kupata dawa ni jambo moja, na kuitumia ipasavyo ni jambo jingine.

Miongoni mwa dawa za kifafa iko moja iitwayo valproeti, ambayo wengine huijua kwa jina la kibiashara la Epilim. Historia yake ni ya ajabu. Mwanakemia wa Kimarekani, Beverly Burton, aliitengeneza mwaka 1882, na kwa muda wa miaka themanini haikuwa ila maji ya kuyeyushia vitu vingine maabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Ufaransa walipokuwa wakizijaribu dawa nyingine walizoziyeyusha ndani yake, waliona kwamba kila walichokijaribu kilizuia mitukutiko. Ndipo walipotambua kuwa dawa ni kile kiyeyushio chenyewe. Ilianza kutumika nchini Ufaransa mwaka 1967. Mwaka 1996 Marekani iliidhinisha aina yake moja kwa kazi nyingine, yaani kukinga kipandauso, yale maumivu makali ya kichwa yanayorudi mara kwa mara na kumfanya mtu achukie mwanga na kelele.

Ni muhimu kufahamu dawa hii inafanya nini na haifanyi nini. Inatuliza ule umeme wa ubongo uliovuka mpaka, lakini haiung'oi ugonjwa kwa siku moja. Kwa mwenye kipandauso, hii si dawa ya kumeza kichwa kinapoanza kugonga. Humezwa kila siku, na faida yake huonekana baada ya majuma kadhaa, kwa siku za maumivu kupungua. Anayeimeza leo na kuiacha kesho kwa kuwa kichwa kimepoa hajatibiwa.

Kama dawa zote, ina taabu zake. Huweza kuleta kichefuchefu, mikono kutetemeka, nywele kupungua na mwili kuongezeka uzito. Kichefuchefu hupungua inapomezwa pamoja na chakula. Mara chache hudhuru ini au kongosho, na watoto walio chini ya miaka miwili ndio walio katika hatari zaidi ya ini. Macho yakiwa ya manjano, mgonjwa akitapika sana, akiumwa na tumbo kwa ukali au akilegea kupita kiasi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na kila anapoandikiwa dawa nyingine, amwambie daktari kwamba anatumia valproeti.

Hatari mbili zataka kuelezwa kwa kina. Ya kwanza ni kuiacha ghafla. Mgonjwa akishakaa miezi sita bila ya kuanguka, jamaa humwambia, "Umeshapona, tupa vidonge hivyo." Matokeo yake huweza kuwa vifafa vinavyofuatana bila ya kukatika, navyo huua. Mchumaji aliye juu ya mkarafuu, mvuvi aliye ndani ya ngalawa, mama aliye mbele ya jiko la kuni: kila mmoja wao aweza kupotea kwa dozi zilizokosekana. Dawa hii ikiachwa, hupunguzwa kidogo kidogo kwa uangalizi wa daktari. Mwezi wa Ramadhani nao hautoi ruhusa ya kujipangia wenyewe. Wengi wanaomeza mara mbili kwa siku huweza kupangiwa wakati wa futari na wakati wa daku, lakini mpango huo ufanywe na daktari kabla ya mwezi kuandama, na usingizi usikatwe mno, maana kukesha nako huamsha kifafa. Yule ambaye daktari amemkataza kufunga asijilaumu, kwani dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Hatari ya pili yamhusu mwanamke, nayo ndiyo nzito zaidi. Valproeti ikitumika wakati wa mimba humdhuru mtoto aliye tumboni. Katika kila watoto 100 waliozaliwa na mama wanaoitumia, kiasi cha 10 huzaliwa na kasoro kubwa za mwili, kama vile mgongo wazi, kasoro za moyo au mdomo uliopasuka. Kwa kawaida idadi hiyo huwa 2 au 3. Na watoto 30 hadi 40 katika 100 huchelewa kutembea, kusema au kujifunza. Uingereza na Ufaransa zililijua jambo hili kwa gharama kubwa: familia nyingi zililea watoto walioathirika kabla ya kuambiwa ukweli wote. Mwaka 2018 Uingereza iliweka sharti kwamba msichana au mwanamke awezaye kuzaa asipewe dawa hii ila akiwa katika mpango maalumu wa kuzuia mimba. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri wanawake na wasichana wa umri huo wasianzishiwe valproeti, isipokuwa pale matibabu mengine yanapokosa kufaa.

Hebu tufikirie msichana wa miaka ishirini katika kijiji chochote cha Unguja au Pemba. Amekuwa akinywa valproeti tangu yuko skuli, nayo imemfaa. Sasa amechumbiwa. Wazee wanaficha maradhi yake ili posa isivunjike, naye anavificha vidonge ndani ya kanga. Baada ya harusi atafanya moja kati ya mawili: ataendelea kumeza kwa siri hadi apate mimba, au ataacha kwa hofu na kuanguka jikoni. Njia zote mbili ni mbaya, na zote mbili zimezaliwa na ukimya. Njia ya tatu ipo: aende kwa daktari kabla ya ndoa, pamoja na mchumba wake ikiwezekana, abadilishiwe dawa taratibu. Ziko dawa kama lamotrijini na levetirasetamu ambazo hatari yake kwa mimba ni ndogo zaidi. Kwa kipandauso, ziko propranololi na amitriptilini za kuzungumza na daktari. Aanzishiwe pia vidonge vya asidi ya foliki mapema, ingawa hivyo peke yake haviondoi madhara ya valproeti. Na aliyekwisha kushika mimba asiitupe dawa kwa hofu. Amwone daktari upesi.

Kwa ndugu zetu watendaji, wajibu uko wazi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu yalitangazwa kuwa haki ya kila mwananchi, na haki hiyo haikamiliki kwa mgonjwa kupewa pakiti bila ya maneno. Dawa mbadala ziwepo mfululizo katika vituo, maana kumkataza mwanamke valproeti na kumrudisha mikono mitupu ni kumtupa. Mgonjwa wa Kojani au Tumbatu apewe dawa za muda wa kutosha, asije akakosa dozi kwa sababu bahari imechafuka. Na kila msichana anayeandikiwa valproeti aelezwe hatari yake kwa Kiswahili chepesi, si mara moja tu bali kila mwaka.

Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Katika jambo hili tunawaomba radhi wahenga. Asiyejua maana ndiye hasa apasaye kuambiwa, na aambiwe leo, kabla ya harusi na kabla ya mimba.