Protini p27: Mlinzi wa Seli Anapohama Kituo

Protini iitwayo p27 huzuia seli za titi zisigawanyike ovyo, lakini kazi hiyo huifanya ikiwa ndani ya kiini cha seli. Ikiwa kwenye saitoplazimu, yaani ute unaokizunguka kiini, protini hiyohiyo huweza kuisaidia saratani kuenea.

p27 ilitambuliwa mwaka 1994. Ndani ya kiini hukibana kimeng'enya CDK2, ambacho huisukuma seli inakili DNA yake kabla ya kugawanyika. CDK2 ikibanwa, seli hutulia. Katika saratani nyingi za matiti ulinzi huu hulegea, mara nyingine kwa sababu p27 huvunjwa haraka mno, mara nyingine kwa sababu haifiki kwenye kiini. Mwaka 2002 makundi matatu ya watafiti yalieleza jinsi inavyozuiwa: kimeng'enya Akt, ambacho katika saratani nyingi hufanya kazi kupita kiasi, hubandika fosfeti kwenye sehemu ya p27 inayoiwezesha kuingia kwenye kiini. Ikishabandikwa, p27 hubaki nje, na CDK2 hukosa wa kuizuia.

Huko nje p27 hukutana na RhoA, protini inayosimamia nyuzi zinazoipa seli umbo na kuishikiza mahali pake. p27 huidhoofisha RhoA, na seli huwa nyepesi kusogea. Kwa hiyo wagonjwa wawili wenye kiasi sawa cha p27 wanaweza kuwa na saratani zenye tabia tofauti.

Ili kujua protini iko wapi, maabara hukata uvimbe vipande vyembamba na kuviwekea kingamwili zinazoishika protini inayotafutwa. Rangi ya kahawia hujitokeza pale ilipo. Kupima p27 si jambo la kawaida hospitalini, lakini mahali protini ilipo huzingatiwa katika vipimo vya kila siku vya saratani ya matiti. Kipokezi cha estrojeni huhesabiwa kwenye kiini tu, na saratani huitwa chanya iwapo angalau asilimia 1 ya viini vya seli zake vimeshika rangi. Protini ya HER2 husomwa kwenye utando wa nje wa seli: rangi nzito inayouzunguka utando wote, katika zaidi ya asilimia 10 ya seli za saratani, hupewa alama 3+. Rangi ya HER2 iliyo kwenye saitoplazimu haihesabiwi, kwa kuwa dawa ya trastuzumab huishika protini hiyo kutokea nje ya seli.