Tarakimu Moja Inayomlinda Mgonjwa

Msomaji anayejifunza kazi ya mapokezi katika kituo cha afya ameuliza: akikosea tarakimu moja tu ya namba ya mgonjwa, kompyuta huikataa papo hapo, hata kabla ya kutafuta faili. Imejuaje?

Mambo ya nywila na kubofya vitufe nayaacha, mafunzo yatayamaliza. Swali hili ndilo tamu, kwani namba ikikosewa bila kizuizi, mzio wa penisilini wa mtu mmoja huandikwa kwenye faili la mwingine.

Wengi hudhani kompyuta imepekua orodha ya wagonjwa wote. Haikupekua chochote, imepiga hesabu tu. Tarakimu ya mwisho ya namba ile hutokana na zile zilizoitangulia. Huitwa tarakimu ya ukaguzi, ila mimi napendelea “tarakimu shahidi”: anayekagua ni kompyuta, yenyewe hutoa ushahidi juu ya wenzake.

Kanuni hii ni ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyeiombea hataza Marekani mwaka 1954. Tuchukue 4827. Anzia kulia: zidisha tarakimu moja kwa mbili, inayofuata iache ilivyo. 7 inakuwa 14, nawe ujumlishe 1 na 4 upate 5. 2 inabaki. 8 inakuwa 16, yaani 7. 4 inabaki. Jumla ni 18. Jumla sharti igawanyike kwa 10. Ili ifike 20 inapungua 2, hiyo ndiyo tarakimu shahidi, basi namba kamili ya mgonjwa ni 48272. Karani akiandika 48372, jumla pamoja na tarakimu shahidi, isiyozidishwa, inakuwa 21, haigawanyiki kwa 10, inakataliwa.

Kwa nini kuzidisha kwa mbili? Hapo ndipo uzuri ulipo. Fikiria lori kwenye mizani ya Mikese, barabara ya Morogoro. Ukipima uzito wote kwa pamoja, magunia yakihamishwa kutoka mbele kwenda nyuma hutajua, tani ni zilezile. Kwa hiyo mizani hupima ekseli kwa ekseli. Gunia halikuongezwa hata moja, lakini ekseli ya nyuma imezidiwa na lori linazuiwa. Kuzidisha kwa mbili ndiko kupima ekseli: 8 ikikaa mahali pake ina uzito wa 7, ikihamia kwa jirani ina uzito wa 8. Andika 84272: jumla ni 25, lori halipiti. Na kupishanisha tarakimu jirani ndilo kosa la vidole vyenye haraka, foleni ikiwa imefika mlangoni. Jozi ya 0 na 9 pekee hupenya.

Kanuni hii imefikaje mapokezi? Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kumbukumbu za wagonjwa ziliingia kwenye kompyuta mwaka 2001. Uzoefu wa huko ulisaidia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria ambayo KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, umejengwa juu yake. OpenMRS inayo kanuni ya Luhn ya kukagua namba za wagonjwa.

Namba ikipita, bado uliza jina na tarehe ya kuzaliwa. Huenda mgonjwa kashika kadi ya nduguye. Nawe msomaji, piga *#06# kwenye simu yako. Zitatokea tarakimu 15, na ya mwisho imepatikana kwa kanuni hiihii. Ifunike, anza kuzidisha na ya 14 ukirudi kushoto, upate jibu, kisha ufunue.